Jacques Tati: Mcheshi wa Ufaransa aliyejenga mji wa filamu ukamfilisi

NI waelekezi wachache mno katika historia ya sinema waliotengeneza filamu chache kiasi hicho na bado wakahesabiwa miongoni mwa magwiji. Jacques Tati, mwigizaji na mwelekezi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1982, aliacha filamu ndefu sita pekee, ya kwanza ikiwa imeonyeshwa mwaka 1949 na ya mwisho mwaka 1974. Moja kati ya hizo ilimpatia tuzo ya Oscar. Nyingine, ambayo leo wahakiki wengi huiona kuwa kilele cha kazi yake, ilimwacha muflisi, ikamnyang'anya nyumba na hata haki za filamu alizokuwa ametengeneza kabla yake.

Tati ni kifupi cha Tatischeff, jina la ukoo wa makabaila wa Urusi. Babu yake mzaa baba, Dmitri Tatischeff, alikuwa mwanajeshi wa cheo cha juu aliyehudumu katika ubalozi wa Urusi jijini Paris, na huko akazaa mtoto wa kiume na mwanamke Mfaransa. Upande wa mama ulikuwa na asili ya Uholanzi na Italia. Jacques mwenyewe alizaliwa Oktoba 9, 1907, katika mji mdogo wa Le Pecq, magharibi mwa Paris, akalelewa katika nyumba ya watu wenye uwezo waliopenda utaratibu kuliko mzaha.

Biashara ya jamaa ilikuwa ya kutengeneza fremu za picha, na ilikuwa biashara yenye heshima, iliyohudumia wachoraji na wenye mali. Jacques hakuwa hodari darasani. Aliacha masomo akiwa kijana wa takriban miaka 16 akatiwa kazini na babu yake mzaa mama ajifunze kupima, kukata na kupaka fremu rangi ya dhahabu. Wapo wahakiki waliosema kwamba mafunzo hayo hayakupotea bure. Mtu aliyeshinda miaka kadhaa akitazama kilichomo ndani ya pembe nne za mbao, wanadai, hana budi kuijua thamani ya kila kona ya picha. Hoja hiyo ina uzito kwa yeyote aliyezitazama filamu zake, ambamo kichekesho kikubwa mara nyingi hutokea pembeni kabisa huku jicho la mtazamaji likiwa limeelekezwa katikati.

Mambo mawili yalimtoa katika fremu. La kwanza lilikuwa jeshi. Katika miaka ya mwisho ya 1920 alihudumu katika kikosi cha wapanda farasi huko Saint-Germain-en-Laye, akapata nafasi ya kuwachunguza kwa karibu wanyama hao na wale wanaowapanda. La pili lilikuwa mchezo wa raga, aliojifunza alipopelekwa London kuendelea na uanagenzi wake. Aliporejea Paris alijiunga na klabu ya Racing, na baada ya mechi, wenzake wakibadilisha nguo na baadaye wakila pamoja, yeye aliwaigiza wachezaji wote, refa na mashabiki, peke yake, bila kutamka neno. Nahodha wa timu hiyo aliyemhimiza akiendeleze kipaji hicho alikuwa Alfred Sauvy. Huyu ndiye msomi wa takwimu na idadi ya watu ambaye mwaka 1952 alibuni jina "Ulimwengu wa Tatu", jina ambalo Kenya na mataifa mengine ya Afrika yalibandikwa kwa miongo mingi baadaye. Aghalabu watu hawafahamu kwamba msomi huyo pia ana sehemu katika kuzaliwa kwa mcheshi mkubwa wa Ufaransa.

Kuacha kazi ya babu kwa ajili ya kuigiza michezo halikuwa jambo dogo. Ulimwengu ulikuwa umo katika mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na kwa miaka kadhaa Tati hakuwa na kipato cha kutegemewa. Alitangatanga katika kumbi za burudani akionyesha vitendo vyake alivyoviita "Impressions sportives", yaani taswira za michezo. Humo aliigiza kipa, bondia, mchezaji wa tenisi, mvuvi wa ndoano na, kitendo kilichompatia sifa kuliko vyote, farasi pamoja na mpandaji wake kwa wakati mmoja. Kiwiliwili cha juu kilikuwa cha mtu anayeshika hatamu kwa madaha, ilhali miguu ilikuwa ya mnyama anayekataa kutii.

Mambo yalianza kumnyookea katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1936 mwandishi mashuhuri Colette alimmiminia sifa gazetini, akieleza jinsi mtu huyo mmoja alivyokuwa mchezaji, mpira na chombo cha kuupigia vyote pamoja. Katika miaka hiyo hiyo alijaribu bahati yake katika filamu fupi, ikiwemo "Soigne ton gauche" ya mwaka 1936 iliyoelekezwa na René Clément, ambamo Tati ni kijana wa shamba anayejikuta ndani ya ulingo wa ndondi. Filamu hizo ni za mtu anayejifunza, na hazihitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Vita vya Pili vya Dunia vilimrudisha jeshini. Alishiriki katika mapigano ya mto Meuse mwezi Mei 1940, na baada ya jeshi la Ufaransa kushindwa akarudi Paris, mji uliokuwa tayari mikononi mwa Wajerumani, kuigiza katika ukumbi wa Lido. Kipindi hicho kina doa katika maisha yake. Alizaa mtoto wa kike na mcheza densi mmoja wa Lido, mwanamke aliyekuwa mkimbizi kutoka Ulaya ya kati, na hakumtambua mtoto huyo wala kumlea. Jambo hilo lilinyamaziwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1944 alifunga ndoa na Micheline Winter, wakajaliwa watoto wawili, Sophie na Pierre, ambao wote waliingia baadaye katika kazi ya filamu.

MTU WA POSTA

Katika mwaka 1943 Tati, akiwa pamoja na rafiki yake Henri Marquet, alikaa kwa muda katika kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati mwa Ufaransa. Kijiji kile hakikumtoka akilini. Vita vilipokwisha, na baada ya kushika nafasi ndogo ya mzimu katika filamu ya Claude Autant-Lara, "Sylvie et le fantôme", aliungana na Fred Orain kuanzisha kampuni ya filamu iliyoitwa Cady. Mwaka 1947 alirudi Sainte-Sévère akiwa na kamera, na wanakijiji wenyewe wakawa waigizaji.

Filamu iliyopatikana ni "Jour de fête", Siku ya Sherehe. Kisa chake ni chepesi. Wachuuzi wa burudani wanafika kijijini na bembea yao ya farasi wa mbao. Katika hema lao kunaonyeshwa picha kuhusu posta ya Marekani, ambako matarishi, kwa mujibu wa picha hiyo, hupeleka barua kwa helikopta na kuruka na pikipiki katikati ya moto. François, mtu wa posta wa kijiji anayezunguka kwa baiskeli, anayeacha kazi njiani kusaidia watu na kunywa nao glasi moja ya divai, anapatwa na wazimu wa kasi. Anaamua naye atapeleka barua kwa mtindo wa Kimarekani, juu ya baiskeli ile ile. Ufaransa ya mwaka 1947 ilikuwa ikijengwa upya kwa misaada na mifano iliyotoka ng'ambo, na watazamaji walielewa vyema nani alikuwa akitaniwa.

Lakini nyuma ya kichekesho hicho kulikuwa na mkasa. Tati alikuwa ameamua filamu yake iwe ya kwanza ndefu ya Kifaransa kutengenezwa kwa rangi. Alitumia ukanda mpya wa kampuni ya Thomson, uliokuwa na vilenzi vidogo mno vilivyochongwa juu yake. Milango ya kijiji ilipakwa rangi ya kijivu na wanakijiji wakavishwa mavazi ya giza, kusudi rangi ziingie kijijini pamoja na wachuuzi na ziondoke pamoja nao. Kazi ilipokwisha, ilibainika kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kuchapisha nakala za ukanda wake yenyewe. Rangi zikabaki ndani ya makopo, hakuna aliyeziona.

Kilichomwokoa ni tahadhari. Kando ya kamera ya rangi ilikuwepo nyingine ya kawaida, ya picha nyeupe na nyeusi, na ndiyo nakala iliyoonyeshwa mwaka 1949. Ilipata tuzo ya mswada bora katika tamasha la Venice mwaka huo huo. Rangi zenyewe zilisubiri hadi mwaka 1995, Tati akiwa amekwisha kufa miaka mingi, ndipo binti yake Sophie akishirikiana na mtaalamu François Ede walipofaulu kuzitoa katika ukanda ule wa zamani. Watazamaji wakaona kwa mara ya kwanza kijiji kile jinsi mwelekezi alivyokikusudia.

BWANA HULOT

Baada ya ufanisi huo watu walimshauri amrudishe François katika filamu nyingine, pengine ya kumwoza mke. Alikataa. Badala yake akabuni mhusika mpya ambaye jina lake liko katika kamusi ya wapenda sinema hadi leo: Monsieur Hulot. Jina alilichukua kwa msanifu majengo mmoja, ambaye mjukuu wake, Nicolas Hulot, alikuja kuwa mtetezi maarufu wa mazingira na waziri katika serikali ya Ufaransa kati ya 2017 na 2018.

Hulot ni mtu mrefu, kama Tati mwenyewe aliyekaribia mita 1.9. Amevaa kofia, koti la mvua, na suruali fupi kidogo inayoacha soksi za mistari zikionekana. Mdomoni ana kiko, mkononi mwavuli. Hutembea kwa kuinamia mbele kama mtu anayepingana na upepo ambao wengine hawausikii. Hazungumzi ila kwa nadra, na hata akizungumza haisikiki kitu cha maana. Adabu zake zimezidi kiasi, na ni adabu hizo zinazomtia matatani. Akijaribu kusaidia huvunja, akijaribu kurekebisha huharibu, kisha huondoka polepole akitumaini hakuna aliyemwona.

Tofauti yake na Charlie Chaplin au Buster Keaton inastahili kuelezwa. Katika filamu za wacheshi hao wawili, mcheshi ndiye chanzo na mwisho wa kichekesho, na kamera humfuata. Hulot hupita tu. Mara nyingi kichekesho hutendwa na mtu mwingine kabisa, mhudumu wa hoteli, mpita njia, mbwa, hata mlango, naye Hulot akiwa mbali, hana habari. Tati aliamini kwamba kila mtu ana uchekeshi wake na kazi ya mwelekezi ni kumtazama kwa subira mpaka ajitokeze.

"Les Vacances de Monsieur Hulot", ya mwaka 1953, ilipigwa katika ufuo wa Saint-Marc-sur-Mer karibu na Saint-Nazaire. Hakuna kisa cha kusimulia: watu wa mjini wanakwenda pwani kupumzika na wanachukua pamoja nao mazoea yao yote ya mjini. Hulot anafika kwa gari kuukuu linalokohoa. Tyubu ya gurudumu lake inadondoka katika majani makavu, majani yanaigandia, na waombolezaji waliokuwa makaburini hapo wanaipokea kwa heshima wakidhani ni shada la maua. Mlango wa chumba cha kulia hutoa sauti ile ile kila unapofunguliwa, na baada ya mara kumi mtazamaji hucheka kabla haujaguswa. Sauti za filamu zake Tati hakuziacha kwa bahati. Alizirekodi upya baada ya kupiga picha, moja moja, akichagua lipi lisikike na lipi linyamaze. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Louis Delluc nchini Ufaransa, na mswada wake ukateuliwa kuwania Oscar. Ufuoni Saint-Marc leo kuna sanamu ya shaba ya Hulot, mikono kiunoni, akitazama bahari.

Mwaka 1955 alipata ajali mbaya ya gari iliyomwumiza mkono wa kushoto, na kazi ikachelewa. "Mon Oncle", Mjomba Wangu, ilitoka mwaka 1958. Jina hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili anayejua nafasi ya mjomba katika jamaa: ndiye mtu mzima ambaye mtoto hukimbilia baba akiwa mkali au mwenye shughuli. Gérard, mtoto wa Bwana na Bibi Arpel, anaishi katika jumba la kisasa ambamo kila kitu kinaendeshwa kwa umeme. Bustanini kuna samaki wa chuma anayerusha maji juu, na mama mwenye nyumba hukimbia kumfungulia pindi kengele ya lango inapolia, mradi mgeni awe ni mtu wa maana. Akiwa ni ndugu yake Hulot, au mchuuzi tu, samaki huzimwa. Sidhani kuna picha nyingine ya sinema iliyoonyesha fahari ya wenye nacho kwa uchache kiasi hicho wa maneno.

Jumba hilo, lililobuniwa pamoja na mchoraji Jacques Lagrange, lilijengwa katika studio mjini Nice. Upande wa pili wa kisa ni mtaa wa zamani anakoishi Hulot, uliopigwa Saint-Maur karibu na Paris, wenye soko, mbwa wanaorandaranda na mfagizi ambaye siku zote yuko karibu kuanza kufagia lakini mazungumzo hayamruhusu. Kijana aliyemsaidia Tati kuchora na kubuni vichekesho vya filamu hiyo, Pierre Étaix, alikuja kuwa mwelekezi na mcheshi mashuhuri kwa haki yake.

"Mon Oncle" ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1958, na mwaka uliofuata ikanyakua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Inasimuliwa kwamba alipokuwa Marekani Tati hakuomba karamu wala kukutanishwa na nyota waliovuma wakati huo. Aliomba kuwaona wazee wa ucheshi wa filamu bubu, Mack Sennett, Buster Keaton na Stan Laurel, ambao Hollywood ilikuwa imekwisha kuwasahau.

MJI WA VIOO

Mtu mwenye Oscar mkononi angeweza kutengeneza filamu nyingine ya Hulot kwa gharama ndogo na kujipatia faida. Tati alitaka jambo jingine. Paris ilikuwa ikibadilika, majengo ya vioo na chuma yakipanda, na yeye alitaka kupiga filamu ndani ya mji wa namna hiyo. Kufunga uwanja halisi wa ndege au afisi za watu kwa miezi mingi kusingewezekana. Akaamua kuujenga.

Ujenzi ulianza mwaka 1964 katika kiwanja kikubwa kusini mashariki mwa Paris, chini ya msanifu Eugène Roman, na mafundi wapatao 100. Watu waliuita Tativille, mji wa Tati. Ulikuwa na barabara za lami, taa za kuongozea magari, mtambo wake wa umeme, na majengo ambayo baadhi yaliwekwa juu ya magurudumu ili yasogezwe kamera inapotaka. Mbali zaidi, ambako jicho halitambui, umati wa watu ulitengenezwa kwa picha zilizobandikwa juu ya mbao. Dhoruba ilibomoa sehemu ya mji huo kabla hata kazi haijashika kasi, ukajengwa tena. Upigaji picha ulioanza mwaka 1965 uliingia hadi 1967. Fedha zilipokwisha, kazi ilisimama, na Tati akatafuta mikopo. Zilipokwisha tena, aliweka rehani mali yake, ikiwemo nyumba ya jamaa na haki za filamu zake za awali.

Filamu yenyewe, "Playtime", ilionyeshwa Desemba 1967. Ilipigwa kwa ukanda mpana wa milimita 70, jambo la kawaida kwa filamu za vita na za wafalme lakini geni kabisa kwa ucheshi. Watalii wa Kimarekani wanawasili Paris, wala hawaioni Paris. Mnara wa Eiffel huonekana mara moja tu, kama kivuli katika mlango wa kioo unapofunguliwa. Ndani ya afisi ya safari kumebandikwa matangazo ya nchi mbalimbali, na katika kila moja jengo ni lile lile. Hulot yumo, akimtafuta bwana mmoja katika msitu wa vyumba vya afisi, lakini wamo pia watu wengine kadhaa wenye koti na kofia kama zake, na mtazamaji hupoteza hakika ni yupi. Hapo Tati alikuwa amefanya jambo ambalo mwigizaji yeyote angeogopa: alikuwa amejiondoa mwenyewe katikati ya filamu yake.

Kisha kuna mkahawa wa Royal Garden, unaofunguliwa kwa mara ya kwanza usiku huo, saruji ikiwa bado mbichi. Sehemu hii huchukua karibu dakika 45. Kigae kinagandia kiatu cha mhudumu. Viti vinachapa alama ya taji migongoni mwa wateja. Samaki mmoja anatiwa viungo tena na tena na wahudumu tofauti, wala halizwi mtu. Mlango wa kioo unavunjika, na bawabu, akiwa ameshika kitasa tu hewani, anaendelea kuwafungulia na kuwafungia wageni mlango usiokuwepo, nao wanampa bakshishi. Kadiri ukumbi unavyobomoka ndivyo watu wanavyochangamka, hadi alfajiri. Magari yanapozunguka katika makutano ya barabara asubuhi yake, yanageuka bembea ya farasi wa mbao, ile ile ya "Jour de fête". Mtu anayedai kwamba Tati aliyachukia mambo ya kisasa hajaitazama filamu hiyo hadi mwisho.

Watazamaji wa 1967 walikuwa wamekuja kumwona Hulot wao wa zamani, hawakumpata. Filamu ilikuwa ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, na Tati akalazimika kuipunguza kwa karibu nusu saa. Alishikilia kwamba ionyeshwe kwa upana wake wote, na kumbi zenye mitambo ya kuifaa zilikuwa chache. Wanunuzi wa Marekani, waliotegemewa kurudisha gharama, walisita. Ilifika huko mwaka 1973, kwa ukanda mdogo. François Truffaut alikuwa miongoni mwa wachache walioitetea tangu mwanzo, na katika filamu yake "Domicile conjugal" ya 1970 alimpitisha Hulot wa kuigiza katika kituo cha treni kama salamu kwa mkubwa wake.

Tati alikuwa ametumaini kwamba Tativille ingeachwa isimame, iwe mahali pa vijana kujifunzia kazi ya filamu. Ilibomolewa ili barabara ipite.

MIAKA YA MADENI

Nyumba ya Saint-Germain ilikwenda. Kampuni yake iliwekwa chini ya wasimamizi, na mwaka 1974 ikavunjwa, haki za filamu zake zikipigwa mnada kwa bei isiyolingana hata kidogo na thamani yake. Kwa muda filamu hizo hazikuweza kuonyeshwa kwa umma, na mwenyewe hakuwa na mamlaka juu yake.

Hata hivyo hakuacha kazi. "Trafic", ya mwaka 1971, inamrudisha Hulot kama mbunifu wa gari la kupigia kambi anayesafiri kutoka Paris kwenda kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, na kuchelewa kwa kila sababu inayowezekana. Ilianzishwa pamoja na mwelekezi Mholanzi Bert Haanstra, ambaye alijitoa. Ni filamu nzuri yenye uchovu ndani yake, na inaeleweka kwa nini. "Parade" ya 1974 ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Uswidi katika uwanja wa sarakasi, na humo mzee wa miaka 66 anarudia vile vitendo vya miaka ya 1930: kipa, bondia, mchezaji wa tenisi, farasi. Mwaka 1977 wenzake wa Ufaransa walimtunukia César ya heshima.

Mwaka 1978 alipiga filamu fupi kuhusu fainali ya kombe la UEFA kati ya Bastia ya kisiwa cha Corsica na PSV ya Uholanzi, akiwatazama zaidi mashabiki waliofurika na vibarua waliopambana na maji ya mvua uwanjani. Ilikaa kabatini hadi Sophie alipoikamilisha mwaka 2000. Mradi wa mwisho uliitwa "Confusion", kuhusu ulimwengu wa televisheni, na wanamuziki wa Marekani wa kundi la Sparks walikuwa wapewe nafasi humo. Hulot angeuawa mapema katika kisa hicho. Fedha hazikupatikana. Tati alifariki mwezi Novemba 1982 akiwa na umri wa miaka 75, akazikwa Saint-Germain-en-Laye.

Haki za filamu zilirudi baadaye mikononi mwa watu wake. Sophie, aliyefariki mwaka 2001, alikuwa amesaidia kuanzisha mwaka huo kampuni ya Les Films de Mon Oncle ili kuzihifadhi, na mwaka 2002 "Playtime" ikaonyeshwa tena katika nakala iliyokarabatiwa. Katika kura ya wahakiki wa dunia inayoandaliwa na jarida la Sight and Sound la Uingereza, ya mwaka 2022, ilishika nafasi ya 23 kati ya filamu bora za nyakati zote. Mwingereza Rowan Atkinson, ambaye Mr Bean wake anafahamika hata kwa watoto wa Nairobi na Mombasa, amekiri kwamba Hulot ni mmoja wa waliomfunza.

Mwaka 2010 mswada ambao Tati aliuandika katika miaka ya 1950 na kuuweka kando ulitengenezwa na Sylvain Chomet kuwa filamu ya katuni, "L'Illusionniste". Ni kisa cha mfanya mazingaombwe mkongwe na msichana anayemwona kama baba. Chomet alikihamisha kutoka Prague, ambako Tati alikuwa amekiweka, hadi Edinburgh. Filamu ilipotoka ndipo suala la binti aliyekataliwa wakati wa vita lilipoibuka hadharani. Jamaa ya binti huyo ilisema mswada ule ulikuwa barua ya majuto kwake, na ikataka atajwe. Chomet aliitoa filamu hiyo kwa kumbukumbu ya Sophie.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2009, taasisi ya Cinémathèque jijini Paris iliandaa maonyesho makubwa kuhusu Tati. Tangazo lake lilikuwa picha ya Hulot juu ya baiskeli yenye injini, kiko mdomoni. Wasimamizi wa matangazo katika mabasi na treni za jiji waliikataa kwa hoja kwamba sheria hairuhusu kutangaza tumbaku. Baada ya mashauriano, kiko kilifunikwa kwa pia ya upepo ya manjano, kama zile wanazochezea watoto, na Hulot akasambazwa kote Paris akiwa nayo mdomoni.